Kwenye Football Manager, panga wachezaji wawili wawili

Kikosi cha Simba au Yanga kikitangazwa, kijiweni kwetu Sinza ubishi huwa ni uleule: fulani kaanzaje, na fulani kawekwa benchi kwa nini? Hata vijana wanaocheza Football Manager, lile gemu la kuongoza timu kama kocha, wanafikiri hivyohivyo. Wananitumia picha za vikosi vyao WhatsApp, wamepanga kumi na mmoja wenye nyota nyingi, halafu wanauliza imekuwaje wamepigwa tatu na timu ya mkiani. Mimi nawajibu hivi: acha kupanga mchezaji mmoja mmoja, panga wawili wawili.

Kwanza tuelewane kuhusu zile nyota. Ni maoni ya benchi lako la ufundi, na zinatolewa kwa kumlinganisha mchezaji na wenzake ulionao kikosini. Kama msaidizi wako hajui kupima wachezaji, nyota zake zitakupoteza. Beki mwenye nyota nne kwenye timu ndogo ya Uingereza anaweza kuhamia timu kubwa akaonyeshwa nyota moja, na uwezo wake haujashuka hata kidogo. Ninachosoma mimi ni alama za 1 hadi 20 ambazo gemu linampa mchezaji kwa kila sifa, kama pumzi au krosi, tena si zote. Kila jukumu lina alama chache zinazobeba kazi yenyewe, na ndizo ninazoanza nazo.

Tuchukue upande wa kushoto. Una winga anayetumia mguu wa kulia, kazi yake ni kuingia ndani na kupiga golini. Akishaingia ndani, kule pembeni hakuna mtu. Ukimpanga huyo, beki wako wa kushoto lazima awe wa kupanda na kushuka dakika zote: mguu wa kushoto, pumzi, kujituma, krosi ya maana. Sasa benchi lina mabeki wawili. Wa kwanza ana nyota nyingi, anakaba vizuri, ana nguvu, lakini pumzi ni 10 na krosi 8. Wa pili ana nyota pungufu na ukabaji wa 11, ila pumzi ni 16 na krosi 14. Pamoja na winga huyo, anaanza wa pili, na kwangu hilo halina mjadala. Siku ukimpanga winga wa mguu wa kushoto, yule anayebaki kwenye mstari na kupiga krosi mwenyewe, yule mkabaji anarudi kikosini. Njia ya pembeni ina mwenyewe tayari. Ukipandisha na beki, wanabanana na nyuma kunabaki uwazi.

Beki akipanda, kuna mtu wa kufunika nyuma yake, na huyo ni namba sita, yaani kiungo mkabaji. Hapa wengi wanatafuta kasi. Mimi natafuta kujipanga, kusoma mchezo na umakini. Namba sita anayejua pa kusimama anafika kabla ya mwenye mbio. Pembeni yake naweka kiungo wa kukimbia. Na kama namba kumi wako, yule kiungo anayecheza nyuma ya straika, ni fundi wa mpira lakini kujituma kwake ni 7, jua kuwa viungo hao wawili watakaba kwa niaba yake mechi nzima. Kujituma ndiyo alama inayodharauliwa kuliko zote kwenye gemu hili, na inaniuma kuona watu wanaipita.

Mabeki wa kati nao ni hivyo: mmoja wa mipira ya juu, mwingine mwenye kasi ya kufukuzia mipira inayopita mgongoni. Wote wawili wakiwa warefu na wazito, usipandishe safu ya ulinzi. Kipa sina mengi. Ukimpata mzuri, mwache golini.

Mbele, mfano wetu sisi watu wa Dar ni Mbwana Samatta. Genk ilipochukua ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, kikosini alikuwa na Malinovskyi na Trossard, watu wanaoona pasi na kuitoa kwa wakati. Januari 2020 akaenda Aston Villa, timu iliyokuwa inapigania kutoshuka daraja, na maisha ya namba tisa pale yalikuwa mengine. Kwa hiyo straika wa aina yake, wa kukimbilia nafasi nyuma ya mabeki, kabla hujampanga tazama nani atampa mpira. Kama viungo wako hawana pasi wala maono, anza na straika mwenye nguvu wa kutunza mpira, hata kama umaliziaji wake uko chini kidogo.

Uchovu ndio unaovuruga haya yote. Ukicheza Jumatano na Jumamosi, mabeki wa pembeni na kiungo wa kukimbia ndio wanaoisha mapema, na ile alama ya moyo, inayoonyesha mchezaji amechoka kiasi gani, itakuonyesha. Unapopanga kikosi cha kuanza, pumzisha mmoja kwenye kila jozi, usibadilishe wote wawili kwa mpigo. Beki mgeni akicheza na winga aliyezoea upande ule, kuna anayejua kazi. Aliyetoka kwenye majeraha usimwanzishe kwa sababu tu utimamu wa mwili umerudi. Makali ya mechi bado hayapo, mpe nusu saa ya mwisho au mpeleke timu ya vijana kwanza.

Na benchi lipange kwa mtindo huohuo. Kwenye ligi zenye sabu tano, mimi huweka beki na winga wa upande mmoja wanaoelewana. Ikifika dakika ya 60 na beki wa kulia wa wapinzani amechoka na ana kadi ya njano, naingiza wote wawili kwa pamoja upande wake.