Kuku hawakufa kwa mdomo wako

"Shangazi, shikamoo. Mwaka jana mume wangu alileta vifaranga 200 vya kuku wa nyama. Nikamwambia, 'Hawa watakufa tu.' Wiki ya nne wakajikunyata, manyoya yakasimama, wakaharisha maji meupe. Tukazika 140. Sasa amepata mkopo wa kikoba, anataka kuingiza wengine banda lile lile. Nikifungua mdomo ananiambia kauli huumba, nina nuksi. Na mimi nimeanza kuamini. Nifanyeje?" – Mama wawili, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Hapo uliposema umeanza kuamini ndipo paliponiuma.

Mimi si daktari wa mifugo, lakini nimefuga. Ukimtajia mfugaji dalili hizo, kwa kuku wa umri huo, jambo la kwanza atakalokutajia ni gumboro. Huo ni ugonjwa wa virusi, na virusi haviitwi na kauli ya mke. Utue mzigo huo leo.

Mumeo simlaumu kwa kutumaini. Mtu aliyezika kuku 140 na bado anataka kushika fagio asafishe banda, ana moyo. Ila anapoyazima maswali yako kwa "kauli huumba", naona naye anaogopa, na hajui aseme vipi.

Na wewe, neno "watakufa" halikumsaidia. Ulimpa hukumu, hukumpa kazi ya kufanya. Hofu yako ina akili, mwanangu, lakini imetoka ikiwa imevaa nguo mbaya. Ona ulivyoandika mwenyewe: banda lile lile. Virusi vya gumboro ni vigumu, hukaa bandani miezi. Hilo ndilo la kumwambia! Maranda ya zamani yametolewa yote na kuchomwa? Sakafu imeoshwa kwa dawa? Chanjo ataichanganya na maji gani, maana ya bomba yenye klorini huiharibu? Siku ya chanjo nani atawanyima kuku maji kwa muda ili wapate kiu, wainywe yote mapema kabla haijaharibika?

Usimuulize asubuhi akiwa mlangoni. Ngoja watoto walale, ukae naye na daftari, na uanze hivi: "Baba watoto, na mimi nataka tuuze." Kisha ndiyo maswali. Mpeleke kwa afisa mifugo wa kata awapangie siku za chanjo, na umwombe aanze na 100, ili wakifa deni la kikoba lisiwashinde.

Akikuita nuksi hata baada ya hapo, tatizo si kuku tena. Waite wasimamizi wa ndoa yenu mzungumze.

Barua yako umeniandikia saa nane usiku. Mtu asiyejali kuku wa mumewe angekuwa amelala. Mwambie na hilo, halafu uniandikie wakifika wiki ya tano.