Babu anasema: tazama mkono

SWALI: Shikamoo Mzee. Babu yangu hapa Mvumi anapiga zeze tangu ujana wake. Mimi najifunza fidla kwenye kwaya, na mwalimu wetu hutuandikia kila kitu. Nikimwomba babu anitajie noti, ananijibu, "Kaa hapa, tazama mkono." Mwalimu anasema hata wazee wa milima ya Appalachia huko Marekani walirithishana fidla hivyo hivyo. Ni kweli? Nami nianzie wapi? (Msomaji, Mvumi, Dodoma)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Ni kweli kabisa, na babu yako ameshakuanzishia.

Mwaka 1966 kijana mmoja, Alan Jabbour, aliyefunzwa fidla kwa noti kama wewe, alibeba mashine ya kurekodi akaenda Glen Lyn, Virginia, kwa Henry Reed, mzee aliyezaliwa 1884. Baadhi ya nyimbo zake Reed alizipata kwa mzee Quince Dillion, aliyewahi kuwa mpiga filimbi jeshini. Hesabu mwenyewe: Dillion, Reed, Jabbour. Watu watatu, na wimbo umevuka zaidi ya miaka mia bila karatasi! "Over the Waterfall", unaopigwa sana leo, ulienea kutoka mkononi mwa Reed. Reed alifariki 1968, ila rekodi zake 184 zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mtandaoni unazisikiliza bure.

Jabbour aliandika mengi kuhusu mkono wa kulia wa mzee yule. Noti itakuambia sauti ipi. Haikuambii uta unageuka wapi, wala uzi gani wa jirani uguswe uvume. Wazee wale hata nyuzi hawakuzikaza namna moja. Kwa nyimbo fulani hupandisha zile mbili nene zifuate sauti za mbili nyembamba, kwa chini yake, fidla nzima ikavuma. Ukiisikia utadhani kuna zeze ndani.

Tommy Jarrell wa North Carolina, aliyefundishwa na baba yake na kufanya kazi ya kuendesha greda la barabara, alipostaafu alipokea vijana nyumbani kwake. Walikaa mbele yake na fidla zao, wakatazama mkono.

Kwa hiyo kaa. Simu yako irekodi, na kabla ya kila wimbo muulize babu: huu ulipewa na nani, wapi? Hilo nalisema kwa uchungu. Ninayo kaseti ya mjomba wangu wa Kongwa, nyimbo kumi na moja za zeze, na sikumuuliza hata jina moja. Nazisikiliza hadi leo, na aliyemfundisha simjui.

Na babu akianza kukaza nyuzi, usizime simu ukisubiri wimbo. Rekodi na hapo.