Muulize Fundi: Mashine ya alumini na dagaa wa Mwaloni

SWALI: Shikamoo Fundi. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kikundi chetu cha akina mama tumechangishana tununue mashine ya kufungasha pakiti za nusu kilo, tuachane na kupima kwa kopo na kuziba nailoni kwa mshumaa. Muuzaji mmoja ana mashine ya alumini, mwingine ana ya stenlesi tupu na bei yake iko juu sana. Shemeji yangu anasema alumini ni ya sufuria, eti unyevu wa ziwa utaimaliza kabla ya mwaka. Tuchukue ipi?
Mama wa Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Hofu ya shemeji ni ya Dar na Tanga, kule upepo unabeba chumvi ya bahari. Ziwa letu ni maji baridi. Alumini ikikaa hewani hujifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo ndiyo inayoizuia isiendelee kuliwa. Halafu hii si ya sufuria. Fremu za mashine hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na magnesi na silikoni, mara nyingi namba 6063 au 6061. Mwulize muuzaji namba hiyo. Kama haijui, aende akaulize aliponunua.

Ila mashine ya kufungasha si kitu kimoja, na hapo ndipo wengi mnapouziwa jina. Anzeni na taya, yaani vile vipande viwili vya moto vinavyobana nailoni. Alumini inasambaza joto zaidi ya mara 10 kuliko stenlesi. Taya ya alumini hupata moto sawasawa kutoka pembe hii hadi ile, kwa hiyo hamtapata pakiti iliyoziba vizuri katikati huku pembeni inapumua. Joto la kuziba nailoni ni nyuzi mia na kitu tu, na alumini huyeyuka kwenye 660, msiogope. Tena ni nyepesi: ujazo ule ule wa alumini una uzito wa theluthi moja tu ya chuma. Mashine ya pakiti 30 kwa dakika inafunga na kufungua taya mara 30 kila dakika. Taya nzito hupiga kwa kishindo, hulegeza bolti na humchosha mota.

Ubaya wake ni ulaini. Nailoni ikigandia kwenye taya, kijana atachukua kisu au wembe akwangue. Mkwaruzo mmoja ukishakaa pale, kila pakiti itatoka na mstari unaovuja mahali pale pale, na dagaa watavuta unyevu wakiwa dukani. Wekeni kipande cha mbao laini na kitambaa pembeni ya mashine, visu vikae jikoni.

Sehemu ambayo dagaa wenyewe wanapita, yaani faneli, bomba la kukunjia nailoni na sinia la mizani, hapo nataka stenlesi, tena sibembelezi. Hasa kama mnauza na dagaa wa chumvi. Chumvi iliyolowa hutoboa alumini vitundu vidogo vidogo, na palipo na bolti ya stenlesi inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Fremu ya alumini mimi naipenda. Haichomelewi, inafungwa kwa bolti kwenye mifereji yake, kwa hiyo siku mkihama Kirumba kwenda Igoma mnaifungua na kuipakia kwenye kirikuu. (Na msiiache nje usiku. Wanunuzi wa skrepa wanalipa alumini vizuri kuliko chuma, na wezi wanajua.) Lakini mifereji hiyo hujaa magamba na unga wa dagaa, baada ya wiki mbili inanuka na nzi wanahamia. Dai vifuniko vya plastiki vya mifereji, vipo, na wauzaji wengi huvificha ili wawauzie baadaye.

Jambo jingine ni kunesa. Alumini ya unene ule ule hupinda mara tatu ya chuma. Mashine ikiwa inafanya kazi, weka kiganja juu ya boriti inayobeba mizani. Ukisikia inatetemeka, mizani nayo inasoma mtetemo, pakiti moja itatoka pungufu, nyingine imezidi. Zilizozidi ni hasara yenu, na zilizopungua mtaelezana na Wakala wa Vipimo.

Kuosha: maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Kostiki ya kutengenezea sabuni ni marufuku kabisa, inakula alumini mkiiona, inatoa povu na hewa ya haidrojeni inayoshika moto. Jiki pia iacheni.

Kwa hiyo chukueni ile ya alumini, kwa sharti kwamba faneli, bomba na sinia ni stenlesi na muuzaji aandike hivyo kwenye risiti. Kama vyote ni alumini, ongezeni michango mngoje. Sumaku haitawasaidia sana kuzitofautisha, maana alumini haivutwi, na stenlesi nzuri nayo kwa kawaida haivutwi. Inueni kwa mkono, uzito utawaambia.

SWALI: Fundi, niko kiwanda kidogo cha maji ya chupa. Bolti inayoshika sensa (kile kifaa cha kuhisi) kwenye bamba la alumini haikazi tena, inazunguka tu. Wenzangu wanataka tutoboe tundu kubwa zaidi tuweke bolti nene.
Kijana wa Igoma

JIBU: Mkitoboa leo, mwakani mtatoboa tena, mpaka bamba liishe. Nyuzi za tundu, yaani ile mistari ya ndani inayoshika bolti, zimelika kwa sababu kuna mtu anakaza bolti ndogo kwa spana ndefu. Tafuta nyuzi za kupachika, ni springi ya waya wa stenlesi: unatoboa kidogo, unakata nyuzi mpya kwa tepu yake (kile chuma cha kukatia nyuzi), unaizungusha ndani, na bolti ya zamani inarudi kwa saizi ile ile. Tundu likipatiwa hiyo huwa imara kuliko lilivyokuwa jipya. Kwenye alumini bolti iingie kina cha mara moja na nusu hadi mbili ya unene wake, kwa hiyo bolti ya milimita 6 ipate 9 hadi 12. Na hiyo spana ndefu ifungie kabatini, ufunguo ukae nao wewe.