Jibu: Kuhusu tiba mpya za lukodistrofia ya metakromatiki

Ndugu yangu wa Uyole, pole sana. Umeuliza kama mwanao wa miaka 3 mwenye lukodistrofia ya metakromatiki, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo na neva, aliyeanza kuangukaanguka na kusahau maneno, anaweza kupewa kwa dripu kimeng'enya anachokikosa, yaani protini inayovunjavunja vitu mwilini.

Ndani ya seli mna vifuko viitwavyo laisosomu vinavyomeng'enya mabaki. Katika ugonjwa huu kimeng'enya kinachokosekana ni arilisulfatesi A; kikipungua, mafuta hujilundika na kuharibu ala ya neva, yaani utando unaozifunika. Kimeng'enya kikitiwa mshipani, kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo hukizuia kupita, ndiyo maana kwa ugonjwa mwingine wa jamii hii, CLN2, dawa ya cerliponase alfa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huingizwa moja kwa moja ndani ya ubongo kila baada ya wiki 2.

Kwa ugonjwa wa mwanao ipo tiba ya jeni, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2024: seli shina za mtoto (seli changa zinazozaa seli za damu) hutolewa, huwekewa jeni iliyo nzima, kisha hurudishwa mwilini mwake. Naandika haya kwa uchungu, kwa kuwa kwa watoto wanaougua wakiwa wadogo hivyo, tiba hiyo hutolewa kabla dalili hazijaanza. Hapa Iringa nilimwona mpwa wangu akijishikilia ukingo wa benchi, magoti yakimtetemeka, nasi tukidhani ni uchovu.

Lakini umemtaja mdogo wake wa miezi 4, ambaye uwezekano wake wa kurithi ni robo. Mwombe daktari wenu sampuli yake ya damu ipelekwe kupimwa kimeng'enya hicho wiki hii hii, hata kama anacheza vizuri.