Mnaoanza kazi na NFS: habari ya kuwasha na kuzima

Wadogo zangu, juzi nimefungua fstab ya mashine mpya, faili linaloorodhesha vya kubandikwa mashine inapowaka, nikakuta mstari wa NFS (saraka ya seva inayotumiwa kupitia mtandao) una soft,timeo=5, na pembeni kuna skripti inayofanya sleep 30, yaani kulala sekunde 30, kisha mount -a, yaani kubandika vyote vilivyo kwenye fstab. Wiki iliyotangulia ilikuwa mashine nyingine na mkono mwingine, lakini mambo yale yale. Najua mlihangaika hadi ikakubali, na aliyekesha na mashine hadi ikawaka namheshimu. Ila makosa haya nimeyaona miaka na miaka, moja likaniumiza vibaya, na sitaki mlipie mliyokwisha kulipiwa.

1. Kulala sekunde 30 si mpangilio. Leo zinatosha, kesho swichi inachelewa na hazitoshi. systemd, inayosimamia kuwaka na kuzimwa kwa mashine, ikikuta aina ya nfs au nfs4 kwenye fstab inaelewa yenyewe kwamba hapo panahitaji mtandao, inapanga ubandikaji uje baada ya network-online.target, hatua ya kuwaka inayomaanisha mtandao uko tayari. Ile network.target mnayopenda kuiandika kwenye yuniti zenu (faili zinazoieleza systemd huduma) haiahidi kwamba mtandao uko tayari. Na network-online.target nayo ni jina tupu kama hakuna huduma inayosubiri kwa niaba yake: NetworkManager-wait-online.service, au mwenzake wa systemd-networkd, lazima iwe imewezeshwa. Msiizime eti inachelewesha kuwaka. Mimi niliizima.

2. Hapa ndipo ninapotaka mkae chini. Chaguo la nofail linaiambia mashine: hata hili lisipobandikwa, endelea kuwaka. Ni chaguo zuri, nalitumia hadi leo. Lakini likiwekwa peke yake mashine huwaka vizuri ikiwa haina kitu, wala hakuna anayekuambia.

Nilikuwa na mashine ya uchambuzi iliyokuwa ikitunza nakala zake za akiba kwenye seva ya NFS, saraka ikiitwa /nakala. Kila saa nane usiku cron, mwendeshaji wa kazi za ratiba, iliendesha tar, amri ya kufungasha faili: faili moja la kama GB 4, jina likiwa na tarehe. Siku moja nikasasisha kerneli, kiini cha mfumo, na kwa kuwa nilikuwa nimechoshwa na mashine kuchelewa kuwaka, nikazima ile huduma ya kusubiri mtandao. Nikawasha upya. Ikawaka haraka, nikafurahi, nikaenda kulala. Kwenye jonali, kumbukumbu za systemd, kulikuwa na mstari mmoja, "mount.nfs: Network is unreachable", na kwa sababu ya nofail mambo mengine yote yalisonga mbele. Sikuusoma.

Sasa elewa kinachotokea. Saraka ya kubandikia ni saraka ya kawaida tu kwenye diski ya mashine yenyewe. Kubandika ni kama kutandika mkeka juu ya sakafu: ukiwepo, unakanyaga mkeka, usipokuwepo, unakanyaga sakafu, na mguu hauoni tofauti. tar iliikuta /nakala, ikaandika, ikarudisha sifuri, yaani hakuna hitilafu. Usiku uliofuata vivyo hivyo. Barua pepe ya cron ilinifikia kila asubuhi ikisema kazi imekamilika, na kila asubuhi niliiamini. Diski ilikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo hata kengele ya diski kujaa haikulia. Usiku 19.

Siku ya 20 diski ya mashine ile ikafa. Sikushtuka sana, nikasema nakala zipo. Nikaingia kwenye seva, nikaandika ls -l, nikatazama mstari wa mwisho. Tarehe yake ilikuwa ya usiku wa kuamkia siku niliyosasisha kerneli. Nikadhani nimeingia saraka siyo. Nikaandika pwd. Nikaandika ls -l tena. Nakala zote 19 zilikuwa ndani ya diski ile ile zilizopaswa kuiokoa.

Dada aliyekuwa akiitumia mashine ile hakunigombeza. Alileta madaftari yake mawili, akakaa, akaanza kuingiza upya hesabu zake moja moja, na mimi nikawa namsomea tarakimu kwa siku kadhaa. Alipokuwa akigeuza ukurasa nilikuwa naona ni tarehe gani tumefika. Kazi yote haikurudi, maana yapo aliyoyafanya moja kwa moja kwenye kompyuta bila kuyaandika popote. Sijawahi tena kuiamini saraka kwa sababu tu ipo.

Kwa hiyo, skripti yoyote inayoandika kwenye NFS ianze na mountpoint -q /nakala || exit 1, yaani kama hakijabandikwa kitu, isiendelee. Huduma yoyote inayoitegemea iwe na RequiresMountsFor=/nakala kwenye yuniti yake; haitaanza kabla ya kubandikwa, na wakati wa kuzima itasimama kabla ya kubanduliwa. Na saraka yenyewe, ikiwa bado tupu na haijabandikwa, ipigeni chattr +i, hata root asiweze kuunda faili kwenye sakafu. Mkishuku kuna vitu vimefichwa chini ya mkeka, fanyeni mount --bind / /mnt kisha mchungulie /mnt/nakala.

3. soft. Mtu anaiweka kwa sababu df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, iliganda akaona aibu. Chaguo la kawaida ni hard: seva ikipotea, programu inasubiri hadi irudi, kisha inaendelea ilipoishia. Kwa soft, programu inarudishiwa hitilafu katikati ya kuandika, na programu nyingi haziangalii hitilafu hiyo, kwa hiyo unabaki na faili lenye mashimo ambalo kila mtu anadhani ni zima. Panapoandikwa data, acheni hard. Halafu timeo huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, timeo=5 ni nusu sekunde! Kwa TCP kawaida ni 600, yaani dakika moja. Na intr, chaguo la kuruhusu kusubiri kukatizwe, mnayoinakili kutoka mafunzo ya zamani imepuuzwa tangu kerneli 2.6.25; kinachokatiza ni SIGKILL tu, ishara ya kuua programu kwa nguvu.

4. Kuzima. Kila mtu anajaribu kuwasha, hakuna anayejaribu kuzima, hadi siku skrini inaposema "A stop job is running for /nakala" na sekunde zinahesabiwa kuelekea dakika moja na nusu. Mara nyingi mtandao umeondoka kabla ya kubandua, na hard inafanya kazi yake ya kusubiri seva ambayo haifikiki tena. Wazee wetu wa skripti za init, zilizowasha mashine kabla ya systemd, walilijua hili kwa namba za zamu: kwenye Red Hat za zamani network ilianza kwa 10 na kuzimwa kwa 90, netfs, iliyobandika NFS, ilianza kwa 25 na kuzimwa kwa 75. Aliyetangulia kuingia ndiye wa mwisho kutoka. systemd nayo hugeuza mpangilio wakati wa kuzima, ila inageuza ulioandikwa tu. Kama seva inafikiwa kupitia WireGuard (handaki la VPN) na hukusema hivyo, itajuaje? Weka x-systemd.requires=wg-quick@wg0.service kwenye mstari wa fstab. Ukiambiwa "target is busy", fuser -vm inaonyesha nani ameshikilia. Amri ya umount -l ni ya dharura, isiingie kwenye skripti ya kila siku, maana inaondoa jina huku waliofungua faili wakiendelea kuandika.

5. Mashine isiyohitaji NFS muda wote ipewe noauto,x-systemd.automount, ibandike itakapoguswa.

6. Ukigusa fstab: findmnt --verify, systemctl daemon-reload, ndipo mount -a.

7. NFSv4 inatosheka na bandari 2049. NFSv3 inataka pia huduma saidizi, rpcbind kwenye 111 na statd, na hizo nazo ziwe hai hadi mwisho wa kubandua.

Ile mashine ya sleep 30 sijairekebisha. Nimechomoa kebo ya mtandao nikaiacha. Kesho asubuhi aliyeiandaa aiwashe hivyo hivyo bila kebo, aniambie nini kimeandikwa ndani ya saraka na nani amekiandika. Kisha achomeke kebo, abandike, aichomoe tena, azime, nami nitakuwa pembeni na saa.