Sabuni na saluni, klasi moja inatosha?

Ndugu, umeuliza unauza sabuni na mafuta ya ngozi kwa jina lako na saluni unafungua mwezi ujao, sasa kwenye kusajili hilo jina kama alama ya biashara ulipie klasi (yaani kundi la bidhaa au huduma) moja au mbili. Mbili, tafadhali. Klasi ziko 45, 1 mpaka 34 ni bidhaa, 35 mpaka 45 ni huduma, kwahiyo sabuni inaingia 3 ila saluni ni 44, na ukisajili 3 peke yake mtu anaweza kuwahi hilo jina upande wa saluni ukaanza kuhangaika na pingamizi. Tisheti za wafanyakazi achana nazo, klasi 25 ya nguo ni kama unaziuza. Angalia vizuri kabla hujatuma maana kuongeza klasi baadaye kwa kawaida ni ombi jipya na ada tena.