Punda ametupa mimba ya miezi kumi

SWALI: Assalaam aleykum. Punda wangu jike ametupa mimba ya miezi kumi. Mtoto alitoka usiku, mfu, na manyoya yake kamili. Zalio (kondo la nyuma) halikutoka mpaka asubuhi, tena vipande vipande. Wazee waliniambia nisihangaike, kwani hata ng'ombe hukaa nalo. Leo siku ya pili: kiwele kimejaa, majani anayagusagusa tu, na kila mara anarudi pale alipozalia. Nimkame? Nimfunge gari lini? Na je, ni mawe niliyokuwa nikimbebesha? – Msomaji, Makunduchi.

JIBU: Waaleykum salaam, na pole sana. Kwanza mwite daktari wa mifugo leo hii, usingoje kesho. Wazee wanasema kweli kuhusu ng'ombe, ambaye zalio lake huweza kuchelewa hata siku nzima bila kumuua. Punda na farasi si hivyo. Kwao zalio hutakiwa kutoka ndani ya saa tatu. Likipita hapo linaoza tumboni, sumu inaingia kwenye damu na kushukia kwato. Kipande kidogo tu kikibaki kinatosha, na mara nyingi hubaki ile ncha ya pembe ya mfuko wa uzazi isiyokuwa na mtoto. Ndiyo maana zalio likitoka hulitupi: lioshe, litandaze chini, utazame kama pembe zote mbili zimetimia. Lako lilitoka vipande, kwa hiyo tuchukulie kuna kilichobaki.

Mpime joto kwa kipimajoto cha haja kubwa, asubuhi na jioni. Punda mkubwa mwenye afya huwa kwenye nyuzi 37 hivi, akifika 38.5 ana homa. Shika kwato za mbele: zikiwa na moto, au akikanyaga kama aliye juu ya miiba, mwambie daktari hapohapo. Likitokea tena zalio likawa linaning'inia, usilivute wala usilifungie jiwe. Lifunge fundo juu ya magoti ya nyuma asilikanyage, umngoje daktari na sindano ya kuufanya mfuko wa uzazi usukume zalio nje.

Huko kugusagusa majani nako si jambo dogo. Punda akikosa kula siku moja, hasa mwenye mimba au aliyetoka kuzaa, mwili huyeyusha mafuta yake mengi kwa mpigo, yakajaa kwenye damu na kuharibu ini. Mpe majani mabichi laini, maganda ya ndizi, chochote anachokipenda, na maji safi karibu. Usimnyime chakula ati maziwa yakauke.

Kumkama, hapana: ukikama mwili unadhani mtoto yupo, maziwa yanazidi. Punguza pumba tu, akitembea taratibu kiwele kitanywea chenyewe. Ila upande mmoja ukiwa mgumu, wa moto, na maziwa yana mabonge, hayo ni maradhi ya kiwele na yanataka dawa.

Kurudi pale alipozalia ni kumtafuta mtoto. Wenye kumwondoa mzoga haraka humwongezea mahangaiko. Mwache amnuse mpaka mwenyewe aache, ndipo azikwe siku hiyohiyo. Kama ushamzika, mpeleke mama alipo mwenzake aliyemzoea, asikae peke yake. Majike wengine wenye mimba wakae mbali mpaka sababu ijulikane.

Mawe peke yake si rahisi kuwa sababu, ingawa jike wa miezi kumi hakustahili kuyavuta. Mara nyingi ni vijidudu vilivyopanda kwenye zalio (dalili yake kiwele kujaa kabla ya wakati na uchafu kutoka nyuma), kitovu kilichojisokota, virusi, au mapacha ambao zalio halikuwatosha. Mtoto na zalio vikiwekwa kwenye barafu, visigande, daktari anaweza kuvichunguza. Vishike kwa glovu, wajawazito na watoto wasivisogelee. Ardhi ya Makunduchi ni mawe matupu, shimo refu halichimbiki. Basi mwagia chokaa, fukia, kisha panga mawe mazito juu ili mbwa wasifukue, mbali na kisima.

Gari lisubiri mwezi mzima, na aanze kwa mzigo mwepesi. Dume asimpande kwenye joto la kwanza, ambalo huja ndani ya wiki mbili. Daktari akishasema mfuko umesafika, mpe joto la pili au la tatu.